Ulimi Laini Kama Sahani

Kisii mjini,
14 Januari 2024

Dada yangu Mokeira,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji Makori na chai yenu yote. Sisi huku hatujambo. Luul anakusalimu. Najua salamu zake utaziweka palepale unapoweka zangu, lakini yeye hachoki kutuma. Firdaus ameingia kidato cha tatu na sasa ananisahihisha Kiswahili mezani mbele ya wageni. Mimi nimenenepa. Nalisema mapema usije ukalisikia kwa watu wa Ikonge wanaoshuka kununua nyama kwangu: vifungo vya koti langu jeupe la bucha havikutani tena, vinaonana kwa mbali tu kama sisi wawili.

Utashangaa kupata barua enzi hizi. Nimekupigia simu tangu Desemba, haishikwi. Nikatuma ujumbe, zile alama mbili zikabaki kijivu. Nikakumbuka kwamba tulilelewa na mtu aliyekuwa akifungua kila barua, hata ya wauza mbolea, akaisoma mpaka anwani. Nikasema basi, karatasi haina kitufe cha kukata. Kutoka hapa mpaka kwenu ni mwendo wa saa moja na kidogo. Ni sisi tuliougeuza ukawa Ulaya.

Sasa neno lenyewe. Purity wako alinitumia picha za mwaka mpya. Usimgombeze, mimi ndiye niliyeomba. Katika moja Mama amempakata mtoto wa Purity na anamtolea ulimi, mtoto anacheka. Mtu mwingine angemtazama mtoto. Mimi kazi yangu imeniharibu, nikatazama ulimi. Nikaikuza picha mpaka ulimi ukajaa simu nzima. Mokeira, ni mwekundu kama nyama mbichi, halafu ni laini. Hauna kinundu hata kimoja. Unang'aa kama sahani iliyooshwa ikapanguswa. Nilikwenda kwenye kioo nikautoa wangu, nikaona umejaa vinundu vidogo vidogo kama zulia. Luul akanikuta hapo, akauliza kama sasa nimeanza kujipima mwenyewe bei.

Sikujifanya daktari. Nikisema neno juu ya ugonjwa, watu huniuliza kilo ngapi. Niliipeleka picha kwa Daktari Laila mwenye kliniki mtaa wa pili. Aliitazama bila kucheka. Alisema ulimi uliopauka huweza kuwa dalili ya damu kupungua, wenye utando mweupe mzito huenda ni ukungu, ila ukiwa mwekundu na laini namna hii, na mwenyewe ni mzee, swali la kwanza ni anakula nini. Anakula nyama? Mayai? Anakunywa maziwa? Nikabaki nimeshika kofia mkononi. Sijala chakula na Mama tangu tumzike Baba, na huu ni mwaka wa nne.

Alisema picha peke yake haitoshi, lazima apimwe damu. Anashuku amekosa vitamini moja, wanaiita B12, ambayo mwili huipata kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Ikikosekana miaka mingi, huanza na ulimi na damu, ikaenda kwenye mishipa ya fahamu ya miguu, ikamalizia kichwani. Ikiwahiwa inatibika vizuri. Ikichelewa, alisema, mengine hayarudi.

Kwa hiyo nijibu. Anakula nini? Miguu ina ganzi? Nimempa mtu wa boda boda kikapu cha maini akuletee. Uyachemshe na ndizi, umpe na mchuzi wake.

Ndugu yako,
Zubair


Ikonge,
19 Februari 2024

Kwa ndugu yangu Ochoki,

Bwana asifiwe. Jina hilo jingine sitaliandika, mkono wangu hauna mazoea nalo.

Barua yako niliikuta posta ya Nyamira nilipoenda mkutano wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa. Sanduku ni la kanisa na hatulifungui kila siku, kwa hiyo usihesabu kuchelewa kuwa ni dharau. Makori hajambo isipokuwa mgongo. Chai inachumika vizuri. Purity nimemgombeza.

Mama ni mzima. Ni kweli ulimi unamsumbua. Anasema ugali unamchoma kama pilipili, basi anakunywa uji wa wimbi ukishapoa. Mwaka jana alichoka sana na viganja vikapauka, nikampeleka dispensari, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Damu imepanda, nesi mwenyewe alinisifu mbele ya watu. Hivyo daktari wako wa kutibu picha amechelewa kidogo.

Nyama aliacha. Maziwa na mayai pia aliacha. Kabla hujaanza kulicheka kanisa, jua kwamba hakuna aliyemwambia. Mchungaji anakula kuku, na Mama humpikia kwa mikono yake bila kuonja. Ni jambo lake na Mungu wake, nami sitalijadili kwenye karatasi.

Miguu ni ya mwanamke wa miaka sabini na minane aliyesimama kwenye chai maisha yake yote. Anasema anakanyaga kama anatembea juu ya pamba. Huo ni uzee, hauna vitamini.

Maini yako nilimpa jirani yetu Ogeto, na nadhani mbwa wake walimsaidia. Usitume tena. Unajua Mama alisema nini kaburini kwa Baba. Ulisimama pale na kofia yako, sote tukaimba, wewe ukafunga mdomo kama mtu asiyewajua hao wanaoimba. Alisema hatakuona mpaka utakaporudi. Sikuongezei wala sikupunguzii.

Msalimie mtoto.

Mokeira


Kisii mjini,
2 Machi 2024

Dada Mokeira,

Nimeipata. Firdaus amesalimiwa na amefurahi, ingawa amesema umeandika vizuri kuliko mimi. Huku tunajiandaa kwa Ramadhani. Ni mwezi ambao wateja wangu wa mchana huwa ninyi Wasabato tu, na nawashukuru kwa kunilisha. Nifikishie pole kwa mbwa wa Ogeto, maana wakishazoea maini hawatarudi kula ugali.

Barua yako niliisoma mbele ya Daktari Laila. Nilipofika kwenye vidonge vya damu alivua miwani. Nakuandikia maneno yake pole pole. Vile vidonge vina dawa inayoweza kupandisha damu hata kama B12 haipo. Damu inapanda, kipimo kinapendeza, kila mtu anapongezana, na huku chini mishipa inaendelea kufa bila kelele. Hakukosea nesi kupima damu, na wewe hukukosea kumpeleka. Ila ulimi haukupona, na ulimi ndio ulikuwa unasema ukweli.

Alitaka umjaribu hivi: Mama asimame, miguu pamoja, mikono imeshuka, afumbe macho. Usimame karibu umdake. Akiyumba akiwa amefumba macho, si uzee. Ni mishipa, na kila wiki ina bei yake.

Dawa ni sindano. Si ya kila siku maisha yake yote, mwanzoni tu ndipo zinafuatana, baadaye ni moja moja kwa miezi. Hospitali ya Nyamira wanaweza. Mkitaka kuja Kisii, mimi nitakaa nyuma ya friji ya bucha mpaka muondoke, asinione hata kisigino.

Na kama shida ni nyama, mwambie Mama asiwe na wasiwasi, sindano hiyo ni maini yangu yaleyale, nimeyasaga nikayapitisha kwenye tundu dogo ili mzee wa kanisa asiyaone.

Nijibu upesi, Mokeira. Lifungue hilo sanduku la kanisa hata siku isiyo ya Dorkasi.

Zubair


Ikonge,
28 Aprili 2024

Ochoki,

Salamu kutoka kwa Makori. Mvua hizi zimekata barabara ya kwenda kituo cha majani ya chai na shamba la chini limeporomoka. Hatujapata mtu aliyeumia. Mbolea ndiyo ilizolewa.

Nitakuandikia yote kwa utaratibu ili usidhani nimeficha.

Barua zako Mama huzitaka. Hukulijua hilo. Hataki kukuona, lakini bahasha ikifika anavuta kiti na kusema, soma. Namsomea kila neno. Ya Machi nilimsomea pia, yote, mpaka ule mzaha wako wa mwisho. Alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo muda mrefu.

Nilimsimamisha kama daktari wako alivyosema. Alipofumba macho alianguka kwangu mzima mzima, kama mti. Niliogopa. Siku iliyofuata nikakodi gari, tukaenda Nyamira. Daktari wa pale akatazama ulimi, akagonga magoti, akaandika sindano ileile.

Tukaingia chumba cha sindano. Nesi akavunja kichupa, akavuta dawa. Ochoki, ile dawa ni nyekundu. Nyekundu kabisa, kama maji ya kuoshea nyama. Mama aliiona ikipanda ndani ya sindano, akarudisha mkono wake ndani ya kitenge. Akasema, "Hayo ni maini ya Ochoki."

Nilimwambia ulikuwa unatania. Nesi akamwambia. Daktari aliitwa akamwambia. Akatusikiliza wote kwa heshima, kisha akasema, "Ochoki hutania, lakini hanidanganyi." Akatoka ameshika ukuta.

Tangu siku hiyo nimembembeleza na kumgombeza. Hataki hata kuona gari likiwashwa. Sasa anashika meza kwenda mlangoni, na mlangoni anasimama kama anayeulizia njia.

Ningependa kukulaumu wewe peke yako. Ila wewe ulifanya mzaha, mimi nikausoma kwa sauti. Tugawane.

Utajiuliza kwa nini kitu kidogo cha nyama kimfanye mtu akatae kupona. Lipo jambo. Nimekatazwa kukuandikia.

Mokeira


Kisii mjini,
5 Mei 2024

Dada,

Luul na Firdaus wazima.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya Mama. Msomee hiyo, hii usimsomee. Nimemwandikia kwamba sindano haina maini, haina damu, haina mnyama. Daktari Laila amenieleza kwamba inatengenezwa na vijidudu ndani ya matangi, vinachachua kama uji unavyochacha chunguni, na wekundu ni rangi ya dawa yenyewe. Nimemwandikia bila mzaha hata mmoja. Ilinichukua karatasi nne, kila nikianza naona kama ni mtu mwingine anaandika.

Alhamisi nilikuja. Najua umesikia, maana Ogeto aliniona na Ogeto hajawahi kubaki na habari. Ulikuwa mazishini Ekerenyo na Makori. Nilipiga hodi kwa Mama. Nilisikia kiti kikiburuzwa, kisha komeo likaingia.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama. Ni Ochoki."

"Umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukuona."

Nilimsikia anapumua pale nyuma ya mlango, karibu kabisa. Kisha akasema, "Basi bado."

Nilisubiri. Nikasema nimeleta ndizi tu. Niliziacha kizingitini, nikashuka mpaka barabarani na tumbo langu hili, na watu wa kituo cha majani wakanisalimia kwa jina la zamani.

Bado nini, Mokeira? Nini hicho ulichokatazwa? Unanijua, mimi ni mtu wa kuuliza mara tatu halafu nikafanya mzaha. Leo nauliza mara moja.

Zubair


Ikonge,
16 Juni 2024

Ochoki,

Purity amejifungua tena, mvulana. Wanamwita Ishmael, na kabla hujatabasamu, ni baba yake aliyechagua.

Barua yako ya Mama nimeisoma mara tatu kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu aliyeandika hii simjui." Kumbe ukitania anakuamini, ukisema kweli anakukana. Mimi sijui nikuambie nini juu ya hilo.

Sasa nitavunja neno langu. Juzi Mama alitia chumvi kwenye chai akanipa, akaniita Nyangate. Shangazi Nyangate alikufa mimi nikiwa darasa la tano. Nilikunywa ile chai yote. Nikaona kwamba nikiendelea kutunza siri, nitaitunza hata baada ya mwenyewe kuisahau.

Sabato ya kwanza baada ya kumzika Baba, Mama alisimama kanisani. Alisema ameweka nadhiri. Hatatia kinywani kitu kilichotoka kwa mnyama, si nyama, si maziwa, si yai, mpaka mwanawe arudi akae naye kwenye benchi. Wakasema amina. Mchungaji alimwita baadaye akamwambia nadhiri ni nzuri lakini Mungu hamuhitaji mama mwenye njaa. Mama akamwambia anapunguza nadhiri ya mwanamke mzee, aone haya. Wote tukakatazwa kukuambia. Alisema ukirudi kwa kumhurumia, hujarudi.

Ndiyo maana alikuuliza kama umekuja kukaa.

Mimi nilimwona akipungua nikaita imani. Nilijivunia, Ochoki. Nilikuwa nasimama mbele ya Dorkasi namtolea mfano.

Sikuombi uamini chochote. Sikuombi umwache Luul wala Firdaus wala swala zako. Nakuomba uje Sabato moja ukae kwenye benchi, karibu na Mama, akuone, aruhusu ile sindano. Kukaa tu. Njoo upesi.

Mokeira


Kisii mjini,
21 Julai 2024

Mokeira,

Hongera kwa Purity. Mwambie jina ni zuri.

Barua yako niliipata ndani ya wiki. Usitafute kosa kwa posta.

Mwanzoni nilikasirika. Miaka minne nauza nyama hapa, nakata ubavu, nakata paja, namfungia mwanamke mwenye watoto kipande cha ziada nikijisifu kuwa nina roho nzuri, na Mama yangu anakauka kwa jina langu. Na kanisa zima linajua. Wanunuzi wangu wa Ikonge wanajua. Wamekuwa wakisimama mbele ya kaunta yangu wakichagua maini, wakiulizia familia, na kurudi nyumbani. Nawe ulijua. Ungeniambia mwaka wa kwanza, wakati ulimi ungali unaonja.

Nimeandika jibu mara nyingi na kulichana. Katika moja nilikuwa nakwambia Mama ndiye aliyejifunga, basi ajifungue. Katika jingine nilikuwa mtu mwema kupita kiasi, sikumtambua. Siku zikaenda. Nilijiambia nangoja wiki ya biashara ndogo. Kuna sababu nyingine ambayo sitaiandika, na wewe unaijua, maana ni ileile iliyonifunga mdomo kaburini.

Luul ndiye aliyenimaliza. Aliipata barua yako mfukoni alipokuwa anafua. Akaja nayo bucha, mbele ya wateja, akaniuliza kama benchi lina meno. Akasema yeye hakuolewa na mtu anayeogopa mbao.

Nitakuja Jumamosi hii, tarehe 27. Nitakaa. Sitaimba na sitadanganya, wala usimwambie mtu kwamba nimerudi. Mwambie Mama tu kwamba nitakuwepo.

Zubair


Ikonge,
11 Agosti 2024

Ochoki,

Uliondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nilitaka kukimbia nikushike, nikawa nimemshika Mama.

Wewe uliona yako. Ulimwona akigeuka kukutazama, akasogea kukupa nafasi, akakufungulia kitabu chake cha nyimbo na kukuonyesha mstari kwa kidole. Ulidhani amekupokea. Watu nyuma walikuwa wanalia. Kisha nikaona ulipogundua, maana ulikuwa umemsalimia kwa Ekegusii na yeye akakujibu kwa Kiswahili, kile cha kuwajibia wageni wa kutoka mbali.

Ulipotoka aliniuliza, "Yule mgeni mnene ni wa kanisa gani?"

Nilimwambia, "Mama, yule ni Ochoki. Amekuja kukaa."

Alinitazama kwa huruma, kama ninayehitaji maombi. Akasema Ochoki wake ni mwembamba, shati humpwaya. Akasema mwili wa yule ni wa mtu aliyelishwa vizuri, mama yake lazima ni mzima. Nikarudia. Mzee wa kanisa akaja akarudia. Akakasirika, akasema tunamchezea kwa sababu ni mzee, na kwamba nadhiri yake haidanganywi na mgeni.

Basi nikafanya kilichobaki. Nilimleta nesi nyumbani. Nilimwambia Mama ni sindano ya pepopunda kwa sababu alikwaruzwa na msumari. Nesi akaifunika sindano kwa kitambaa asione rangi. Nilimshika mkono nikawa namsemesha juu ya mtoto wa Purity. Tangu siku hiyo kila sindano ina uongo wake, na mimi naanza kuzoea, hilo ndilo linalonitisha.

Daktari wa Nyamira anasema ulimi utarudi. Damu itarudi. Kuhusu miguu na kichwa alisema tungoje, halafu akatazama dirishani.

Kama ungekuja Juni angekujua. Nimeandika hilo mara moja, sitaliandika tena. Nawe ukitaka kuandika kwamba ningekuambia mwaka wa kwanza, umeshaliandika.

Mokeira


Kisii mjini,
17 Novemba 2024

Dada Mokeira,

Salamu nyingi huko Nakuru uliko, kwa Purity, kwa Ishmael na kwa yule mkubwa anayeng'ata watu. Makori hajambo, anajipikia na anasema anapika vizuri, sisi wengine tumeamua kunyamaza. Firdaus amefunga shule. Mimi nimepungua kidogo, usiseme ni ugonjwa. Kila Jumamosi nakula maharage ya kanisani kwenu, ni hivyo tu.

Siku hizi simu unashika, na nashukuru. Lakini jana kuna jambo limetokea ambalo nilijaribu kulisema kwa simu nikakata kabla hujapokea. Naliandika.

Kwanza afya yake. Wiki iliyopita tulimpeleka kwa daktari. Alimwambia toa ulimi, Mama akautoa kama mtoto. Mokeira, ni ulimi mzuri. Vinundu vyote vimerudi, rangi ni ile ya waridi, haung'ai. Ugali moto anakula. Daktari aliwaita wanafunzi wake waje kuona, akawaambia huu sasa ni ulimi wenye afya, mkauone mwingine hivi mniambie. Wakaandika. Kisha wakamsaidia kurudi kwenye kiti cha magurudumu. Miguu ni ileile. Kuhusu kichwa nilimuuliza daktari pembeni, akasema tulichopata tuseme asante.

Nimekaa naye kila Sabato kama tulivyokubaliana. Msikitini wananiuliza kulikoni Jumamosi, kanisani wananipongeza, nami siko pale wanapodhani upande wowote. Luul hunifungia chakula cha njiani na kusema nimsalimie mke mwenza. Mama amenizoea. Ananiita Mgeni. Nikichelewa ananiwekea mkoba wake kwenye benchi asikae mtu mwingine.

Jana baada ya ibada tulikaa nje kwenye jua, mimi na yeye. Akina mama walileta chai ya maziwa. Mama akakisukuma kikombe kuja kwangu, akasema ninywe mimi. Nilimwambia anywe tu, hakuna anayemzuia. Akatazama huku na huku, akanivuta mkono wa shati niiname. Ile nadhiri yote, Mokeira, amenisimulia. Kaburi, benchi, kila neno mahali pake. Mambo ya jana hayajui, lakini hilo halikuguswa. Akasema asije mtu akamwambia Ochoki mwenyewe, maana akirudi kwa huruma atakuwa hajarudi.

Nikamuuliza, "Na asiporudi?"

Akasema, "Atarudi. Anatania sana, lakini si mtoto mbaya. Wewe una uso wa mtu anayesikilizwa. Niombee."

Alifumba macho akangoja. Alikuwa ameshika vidole vyangu viwili, kwa nguvu. Watu walikuwa wanapita na vikombe vyao. Mimi ambaye nilikwambia sitadanganya wala sitaimba, nilifumba macho, na kwa sauti ya kutosha asikie nikamwomba Mungu amrudishe Ochoki kwa mama yake.

Akasema amina. Kisha akaniambia chai yangu inapoa.

Zubair